Kopo la Maziwa na Msumeno Ulioitwa Bubu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi alasiri, fundi mkuu wa karakana yetu ya misumeno atarudisha funguo na kustaafu, baada ya kuitumikia Idara ya Miti kwa miaka thelathini na minane, miezi miwili na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja sikuzihesabu mimi. Amezihesabu mke wake, mwalimu wa hesabu, ambaye ameisubiri Ijumaa hii kwa hamu kuliko mstaafu mwenyewe.

Jina lake limeandikwa vizuri kwenye cheti atakachokabidhiwa, na nina hakika likisomwa wengi wenu mtageuka kumtafuta mwenye jina hilo ni nani. Hapa kwetu yeye ni Mzee Plagi. Alianza kuitwa hivyo akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, kwa sababu ya plagi moja ya akiba, ya kuwashia injini ya msumeno, isiyobanduka kwenye mfuko wa shati lake. Shati hubadilika, plagi haibadiliki. Mwalimu anasema katika ndoa yao amefua plagi mara nyingi kuliko alivyofua soksi.

Nimeombwa kuandika mimi, mtunza stoo, kwa kuwa meza yangu inatazamana na mlango wa karakana, na kwa miaka tisa nimemwona mzee huyu kuliko ninavyowaona ndugu zangu. Mkuu wa idara aliniagiza ukurasa mmoja, wenye furaha, usio na malalamiko. Furaha ipo. Ukurasa mmoja nimeshindwa. Tena kuna jambo langu mwenyewe ambalo imebidi nilitoe humu mbele ya watu, maana mficha uchi hazai. Nitalifikia.

Alianza kazi akiwa mbeba matawi. Wakataji walikata, yeye akaburuta. Mwaka wa tatu akakabidhiwa msumeno, na kwa miaka kumi na minne alikata miti iliyoegemea nyaya za umeme, miti iliyopasua kuta za shule, na ile inayosubiri mvua kubwa ili ilale katikati ya barabara. Misumeno ya wakati huo haikuwa na mipira ya kupunguza mtikisiko. Injini ilitikisika, mikono ikatikisika, na mtikisiko ukaishia vidoleni. Asubuhi za baridi vidole vyake vikawa vyeupe na kufa ganzi, mpaka siku moja akaja kazini shati likiwa wazi kwa kushindwa kufunga vifungo. Daktari akamtaka achague kati ya msumeno na vidole. Akachagua vidole, kwa maelezo kwamba bila vidole hutatengeneza misumeno. Hivyo ndivyo alivyohamia karakana.

Jambo la kwanza alilofanya huko lilikuwa kuandika barua. Aliomba glavu nene, vizibo vya masikio, na misumeno yenye mipira kwenye mishikio. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nayo haikujibiwa. Nakala zote saba ninazo kwenye faili langu, na ukizisoma kwa mfuatano utaona adabu ikipungua kidogo kidogo, hadi ile ya saba inayoanza bila hata salamu. Ya saba ilijibiwa. Tangu vifaa hivyo vilipofika imepita miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna mkataji wetu hata mmoja aliyelazwa hospitali kwa jeraha la msumeno. Watu wanaokutana nanyi getini jioni mkirudi nyumbani na vidole kumi hawajui kwamba wanastahili kumshukuru mtu fulani mwenye plagi mfukoni. Leo wajue.

Sasa tuje kwenye vituko, maana wasifu usio na vituko ni barua ya uhamisho.

Mzee Plagi anasoma visiki. Sitii chumvi. Anachuchumaa, anapitisha kiganja juu ya kisiki, kisha anakuambia aliyenoa cheni ni nani. Siri yake ni kwamba kila mtu mkono wake mmoja una nguvu kuliko mwingine, kwa hiyo akinoa kwa tupa, meno ya upande mmoja huwa makali kuliko ya upande wa pili, na msumeno hupinda ukikata. Kuna mwaka mti wa kivuli ulikatwa nyuma ya ofisi siku ya Jumapili bila kibali. Wakataji wote waliapa kwamba hawajui. Mzee akakigusa kisiki, akasema kwamba aliyenoa cheni hii hutumia mkono wa kushoto. Wakataji wetu wote hutumia wa kulia. Aliyetumia mkono wa kushoto katika jengo lile alikuwa mmoja tu, naibu wa mkuu wa wakati huo, aliyekuwa akilalamika kwamba mti ule unamwagia gari lake majani. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Naibu alipanda miche sita mahali pale, na leo minne kati yake ndiyo inayotupa kivuli wakati wa chai.

Kituko cha pili sikuruhusiwa kukisema hadi mhusika akubali, na amekubali juzi. Mkuu wetu wa kikosi cha kwanza, mtu tunayemheshimu wote, wiki yake ya kwanza kazini alifunga cheni kinyumenyume. Meno yakaangalia nyuma. Alikata mti mmoja kuanzia saa mbili mpaka saa nne na nusu, akatoa moshi wa kutosha kuwafukuza nyuki wa kata nzima, na alichopata ni alama nyeusi kwenye gome. Akaandika ripoti kwamba mti ule una chuma ndani. Mzee Plagi aliitwa kuja kukihakiki hicho chuma. Alifika, akatazama, akaomba kila mtu aende kunywa maji. Waliporudi cheni ilikuwa imegeuzwa, na mti ukakatwa kwa dakika nne. Kwenye ripoti aliongeza mstari mmoja: “Chuma kimeondolewa.” Hakumwambia mtu. Dereva wa lori ndiye aliyechungulia, na dereva hana breki mdomoni.

Lakini ukimtaja Mzee Plagi, watu wengi hufikiria ukuta. Ukiingia karakana, ukuta wa kushoto una misumeno kumi na saba ya zamani, imetundikwa kwenye mbao zilizochongwa kila moja kwa umbo la msumeno wake. Yote ilikuwa imeandikiwa kutupwa. Mmoja uliliwa na kutu mpaka panya walizaa ndani yake. Mwingine uligongwa na lori letu wenyewe. Aliiokota mmoja mmoja, akaipasua, akaikwangua, akaitafutia pistoni na ringi kwa mafundi wa pikipiki, akairudishia uhai wakati wa mapumziko ya mchana. Hakuna hata mmoja ulioko pale kwa ajili ya urembo. Yote inawaka, na kila mwezi yote huwashwa.

Aliipa majina kwa tabia zao. Shemeji ni mchangamfu, humwitikia kila mtu kwa mvuto mmoja wa kamba. Karani hawaki kabla ya saa tatu asubuhi, mpaka jua limpashe. Kikohozi jina lake linatosha. Na Mkwe ni lazima umsalimie mara tatu, yaani uvute kamba polepole mara tatu bila kuonyesha haraka, ndipo akubali. Ukivuta kwa hasira ya kwanza tu, amenuna, na hutamsikia mpaka kesho. Wapo wakataji hodari humu ndani wenye miaka kumi kazini ambao Mkwe hajawahi kuwajibu.

Ukuta huo ndio shule yetu. Mkataji mpya hapewi msumeno siku ya kwanza. Anawashiwa yote kumi na saba, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaushika kwa muda akikata gogo la mazoezi, huku mzee akimtazama mabega, wala si mikono. Mwishoni ndipo anaulizwa upi umempendeza. Karibu wote hutaja ule mkubwa wenye kelele. Mzee hutikisa kichwa. “Usichague nguvu,” huwaambia. “Kila msumeno una namna yake ya kuchosha. Chagua uchovu unaouweza.” Nimelisikia neno hilo mara nyingi nikiwa mezani kwangu, na nimelitumia hata nilipokuwa nachagua mume.

Yeye mwenyewe, akiulizwa ni msumeno upi anaoupenda zaidi, alikataa kujibu kwa miaka yote. Alisema mzazi hachagui mtoto mbele ya wenzake.

Palikuwa na wa kumi na nane. Huyo hakutundikwa. Alikaa juu ya meza ya kazi, kwenye kona, amefunikwa kitambaa safi, na jina lake ni Bubu, kwa kuwa alipoletwa hapa hakuwa na sauti.

Bubu si mali ya idara. Ni wa dada mkubwa wa Mzee Plagi, ambaye wengi wetu tumezoea kumwita Dada Mkubwa kama anavyoitwa na mdogo wake. Walipofiwa na baba, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake tisa. Akaenda kwenye uwanja wa mbao kuomba kazi ya kufagia. Baada ya miezi michache mkataji mmoja akaugua, Dada Mkubwa akasema yeye anaweza. Wakacheka. Akawasha msumeno huo huo, akakata gogo vipande sita mbele yao, na hakufagia tena. Kwa msumeno ule alikata mbao miaka kumi na mitano, akamsomesha mdogo wake mpaka darasa la mwisho, akamfundisha kunoa cheni akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Msumeno ulipokufa na uwanja ukafungwa, mwenye uwanja alimpa auchukue. Akauweka chini ya kitanda chake. Mzee Plagi alipohamia karakana, wa kwanza kumfikiria alikuwa Bubu, lakini dada hakutaka kuachana nao. Ilimchukua miaka kumi na mitatu kumbembeleza.

Mzee akampokea Bubu kwa ahadi moja aliyoisema mbele ya karakana nzima: haondoki hapa Bubu hajasema.

Alianza kwa kumpasua siku ya Alhamisi. Kabureta, ile sehemu inayochanganya hewa na petroli kabla haijaingia kwenye injini, aliifungua peke yake, akaiweka na skrubu zake zote ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, akaliacha kopo kwenye rafu ya stoo ili vumbi la karakana lisiingie. Halikuwa na maandishi.

Jumatatu iliyofuata ndiyo siku niliyoanza kazi.

Nilikuwa na bidii ya mtu mpya. Nilikuta stoo ina vumbi, buibui, na makopo. Nikavua koti, nikafunga kilemba, nikasafisha mpaka saa nane. Lile kopo nililifungua. Nakumbuka vizuri sana. Ndani niliona kipande cha chuma cheusi, kikubwa kama kiberiti, chenye mdomo, na skrubu sita zenye mafuta. Nikasema moyoni, hawa watu wanaweka takataka kwenye rafu. Nikalitupa kwenye lori la taka pamoja na magunia matatu ya vitu ambavyo hadi leo naogopa kufikiria vilikuwa nini. Mkuu wa wakati huo alipita, akasema stoo inang'aa. Nikalala nimefurahi.

Jumanne Mzee Plagi alikuja, akatazama rafu, akaniuliza kwa upole kama nimeona kopo la maziwa. Nikasema sijaona. Nilikuwa na siku moja kazini, nikaogopa, ulimi ukanitangulia. Akasema asante mwanangu, akarudi zake. Kutoka mezani kwangu nikamwona akimfunika Bubu kwa kile kitambaa.

Msumeno wa aina ile ulikuwa umeacha kutengenezwa tangu zamani. Alijaribu kabureta tatu za misumeno mingine, matundu hayakulingana. Alichonga kipande cha alumini cha kuunganisha kwa wiki mbili. Bubu alikohoa sekunde tatu, akazima, na hakukohoa tena. Wasafiri walitumwa, mafundi wa mbali waliandikiwa. Miaka ikapita. Dada Mkubwa alikuja mara moja kila mwaka, akakaa kwenye kiti karibu na meza, akamwekea mkono Bubu juu ya kitambaa, akauliza habari za wote, akaondoka bila kuuliza habari za msumeno. Mimi siku hizo nilijifanya nina kazi nyingi kwenye rafu za nyuma.

Miezi mitatu hivi baada ya tukio la kopo, Mzee Plagi aliniletea pendekezo. Kila Ijumaa mchana, kwa saa moja, twende pamoja tupange vipande vidogo vya karakana, kwa kuwa mtunza stoo anapaswa kujua anachotunza. Nikakubali, tena haraka, kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanila. Tukaanza na skrubu. Halafu chemchemi, ringi, vizibo, gasketi. Alinifundisha kufumba macho na kutambua kipande kwa ncha za vidole, na akinipa kitu nilichokosea hakusema nimekosea, alinipa tena. Mwaka wa pili niliweza kufungua kabureta na kuifunga. Mwaka wa nne nilifufua msumeno wangu wa kwanza, huyo tunayemwita Mtoto wa Mwisho, wa kumi na saba ukutani. Ijumaa hizo hazikukatika kwa miaka tisa, isipokuwa nilipojifungua, na hata hapo alikuja hospitali na mfuko wa vipande akidai mtoto anaweza kuanza mapema. Muuguzi alimtoa.

Mwaka huu ulipoanza, barua ya kustaafu ilifika, na nikagundua kwamba Mzee Plagi ameacha kuisema ile ahadi yake. Hakuna aliyemwambia aache. Iliniuma kuliko kama angenisema.

Idara iliamua kumpa zawadi ya msumeno mmoja kutoka ukutani, auchague mwenyewe, na kumi na sita inayobaki ikae palepale iendelee kufundisha. Mwalimu naye alikuwa ametangaza kwamba mlango wa nyumba yake utapitisha msumeno mmoja, wala si mmoja na nusu. Basi hatimaye ilimbidi ataje kipenzi chake. Karakana ikagawanyika. Dereva alisema atachukua Shemeji. Mkuu wa kikosi alisema ule mkubwa. Mzee alizunguka ukuta ule wiki nzima, mikono nyuma, kama mtu aliyealikwa kwenye posa asiyejua bibi harusi ni yupi, kisha akamtungua Mkwe. Tulishangaa, tukamuuliza kwa nini huyo mwenye kununa. Akasema wengine wote wana watu wa kuwawasha. Huyu akimwacha, atakufa kwa kiburi chake.

Kisha akamgeukia Bubu. Alimfuta vumbi, akasema atamrudisha kwa dada kama alivyomchukua.

Wiki tatu zilizopita nilitumwa kwa fundi seremala anayetutengenezea rafu. Ana feni inayopuliza kila kitu, kwa hiyo michoro yake huikandamiza kwa vitu vizito. Nilikuwa nasoma vipimo vya rafu ya tatu, nikasogeza kile kizito ili nione namba. Vidole vikatambua kabla ya macho. Mdomo wa mviringo uliobonyea kidogo, sikio lenye matundu mawili, alama ya tupa ya kiwandani kwenye ukingo. Nikakaa chini. Seremala akadhani nimeona bei. Akaniambia ni kichuma tu, kilitoka kwenye vitu vya marehemu babake, aliyekuwa akiokota vyuma dampo, hakijui ni cha nini. Asiyekujua hakuthamini. Nilimwomba, akasema nichukue, ila nimletee kingine chenye uzito huohuo, michoro isije ikaruka. Nilimpelekea pistoni iliyokwama, na amenishukuru kwamba inakaa vizuri zaidi.

Njiani kurudi nilielewa kitu ambacho sitakisahau. Kipande kile kilikuwa kilekile, na macho yalikuwa yaleyale yangu. Miaka tisa iliyopita ningekiona mezani kwa seremala, ningekitupa tena.

Niliingia karakana, nikaweka kabureta mbele yake, na kabla hajaigusa nikamwambia yote. Kopo, lori la taka, ule uongo wa Jumanne. Nililia, nakiri. Mzee Plagi aliigeuzageuza kabureta mkononi, akaipuliza, kisha akasema kwamba alijua tangu Jumatatu ileile. Aliniona kupitia mlango nikilibeba lile kopo, akadhani nakwenda kuliosha. Alipojua, lori lilikuwa limeshaondoka. Alikwenda dampo Jumamosi mbili na reki. Nilimuuliza kwa nini basi hakunisema miaka yote hiyo, na jibu lake naliandika kama alivyolitamka: “Ningekusema siku ile, ungeogopa kila kopo. Nikataka ujue lipi la kuogopa.”

Tukaanza kazi. Tuliiloweka kabureta siku mbili, tukazibua vitundu vyake kwa waya mwembamba. Kiwambo chake cha ndani, chembamba kama ganda la kitunguu, kilikuwa kimeoza. Alikata kingine kutoka kwenye kabureta mpya, mimi nikashika tochi na kuzuia pumzi. Jumatatu ya wiki hii, saa tano asubuhi, karakana yote ikiwa imesimama mlangoni inajifanya ina shughuli, alitia petroli mchanganyiko, akaweka mguu kwenye mshikio, akatoa plagi kutoka mfuko wa shati lake, ileile ya akiba, akaifunga. Akavuta. Kimya. Akavuta tena. Mvuto wa saba ulikohoa. Wa kumi na mmoja, Bubu akasema.

Sauti yake si kubwa. Ina mlio wa chini, wa kukoroma kidogo, na baada ya kila pumzi kadhaa huruka kama mtu anayemeza mate. Mzee Plagi alimzima haraka, akaenda kunawa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akailaumu petroli. 

Kisha akampigia simu Dada Mkubwa, akaweka sauti ya nje, akaniomba nishike simu karibu na injini, akavuta kamba tena. Bubu aliunguruma.  Tulidhani simu imekatika, au mama wa watu amezimia. Ndipo sauti ya miaka sabini ikatoka, kavu, ya mtu aliyezoea kusemea juu ya kelele: “Umeinyima pumzi. Hiyo skrubu ya chini, ilegeze robo.”

Fundi mkuu wa miaka thelathini na minane, mwenye vyeti viwili na wanafunzi katika kila kikosi, alipiga goti mbele yetu akailegeza skrubu robo. Ile hali ya kumeza mate ikaisha. Injini ikanyooka, ikaimba bila kukatika. Dada Mkubwa akasema, “Ndiye huyo.”

Baadaye alimuuliza mdogo wake amrudishie lini. Mzee akamjibu Ijumaa. Dada akasema basi atakuja, ila Bubu nyumbani hamrudishi, kwa kuwa kule atakata nini, nyanya? Akataka kujua nani amekipata kile kichuma, na mzee, ambaye kumbe miaka yote alikuwa amemsimulia dadake habari za kopo, akamwambia ni yuleyule. Dada Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Akasema Bubu apewe mtunza stoo amlinde, kwa sababu huyo hatatupa tena kitu kisichoandikwa maisha yake yote. Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa, mbele ya mashahidi na msumeno ukiwa bado wa moto. Ubao wake nimeuchonga jana. Jina libaki lilelile. Wapo wanaoitwa Mdogo na wana wajukuu.

Ijumaa, baada ya hotuba, Dada Mkubwa atavuta kamba mwenyewe. Nawaomba wageni jambo moja: injini ikianza, msipige makofi haraka. Subirini kidogo. Huenda ipo skrubu anayotaka ikazwe, na mdogo wake atahitaji kumsikia.

Mzee Plagi, asante kwa vidole vya wakataji wetu, asante kwa ukuta, na asante kwa zile Jumamosi mbili dampo ambazo hukuniambia. Uende ukapumzike vizuri, Mwalimu akuzoee polepole, na Mkwe akuitikie kwa mvuto wa tatu kila asubuhi, saa utakayotaka wewe. Ijumaa zako mchana bado ni zako, tutaweka kiti.

Rafu ya juu ya stoo, upande wa kulia, nimeweka kopo tupu la maziwa. Nimeliandika kwa rangi nyekundu ili yeyote atakayekuja baada yangu na bidii yake alisome kabla hajafunga kilemba: Usitupe. Muulize Mzee Plagi. Namba yake ya simu iko chini.